Ufundishaji wa Mseto: Lipi Livuke Feri, Lipi Libaki Darasani

Katika mijadala juu ya kuchanganya masomo ya mtandaoni na ya darasani katika vyuo vikuu, swali linalotangulizwa ni la uwezo: je, chuo kina mitambo, na mwanafunzi ana simu? Swali hilo si la kupuuzwa, ila limewekwa mbele mahali pasipo pake. Linalopasa kutangulia ni hili: katika somo lenyewe, ni kitu gani kinachoweza kusafiri bila ya mwalimu, na ni kipi kisichoweza?

Mchanganyiko wa namna hii si mgeni nchini Kenya. Mwaka 1967 chuo kikuu cha Nairobi kilianzisha masomo ya posta yaliyosaidiwa na vipindi vya redio, na mwaka 1986 ikafuata shahada ya ualimu kwa wanafunzi wa nje. Waraka ulibeba ulichoweza kubeba; mengine yalingoja siku za kukutana. Madarasa yalipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, mhadhara ulihamishiwa mtandaoni mzimamzima, pamoja na saa yake. Hapakuwa na njia nyingine. Lakini ilipozoeleka, dharura hiyo ikaitwa mseto.

Yafaa kumtazama mwanafunzi wa Likoni asomaye Kiswahili kisiwani Mombasa. Asubuhi yuko Feri, amebanwa na umati unaongojea chombo, na hapo ndipo saa ya mhadhara inapomkuta. Simu iko sikioni. Kusikia, aghalabu husikia. Kujibu hawezi, na hata akijibu, nani atamsikia katika makelele yale? Amefungwa na saa kama aliye darasani, wala darasa hanalo.

Sasa somo lenyewe. Kimvita hutofautisha paa wa mwituni, anayetamkwa kwa mpumuo, na paa la nyumba, lisilo na mpumuo. Vivyo hivyo kaa wa pwani na kaa la moto. Maandishi ya kawaida hayaonyeshi tofauti hiyo. Sauti iliyonaswa vizuri huionyesha, na mwanafunzi aweza kuirudia mara kumi usiku, akiwa kwao Likoni. Hapa mtandao umelishinda darasa, na wanaoushuku hawana budi kukubali. Lakini sikio likishajua, kinywa bado. Wako wanaotamka paa zote mbili sawa huku wakiamini kwamba wamezitenga. Mtu wa namna hiyo anahitaji mwalimu amkatize papo hapo, amwambie aweke kiganja mbele ya midomo, aihisi pumzi. Pumzi hiyo haipiti kwenye simu.

Ndivyo ilivyo kwa utenzi. Kuhesabu mizani minane ya kila kipande ni kazi ya mtu na kalamu yake. Kughani ni kazi ya watu wanaosikilizana, tena si lazima iwe chumbani: Mji wa Kale uko kisiwa kile kile, na wanaoisema lahaja hiyo wamo humo.

Basi mihadhara na inaswe, isikilizwe kwa wakati wa msikilizaji, na siku chache za kuvuka Feri ziwe za kinywa tu. Pingamizi yenye uzito ni moja: kunasa mhadhara mmoja vizuri hula siku nzima ya mhadhiri, na mara nyingi siku hiyo haihesabiwi katika saa zake za kufundisha.