Kabla Hajashika Leva

Makalavati mawili ya zege yalipasuka kwa mpigo mmoja, na aliyeyapasua alikuwa opereta mzuri. Wetu wa siku zote alikuwa kitandani na homa, tukaazimwa kijana mwenye cheti na miaka sita ya kazi ya vijiko. Mashine ya tani 20 ilikuwa imelala baketi ikiwa juu, kosa la mtu mwingine hilo. Kijana akapanda, akawasha, akazungusha kuelekea mtaroni. Ilizunguka vizuri. Kisha akasukuma leva ya kushoto mbele ili anyooshe amu, ule mkono wa mbele unaoshika baketi. Amu haikutikisika. Kilichoshuka ni bumu, mkono mkubwa unaoibeba amu, na baketi ikatua juu ya makalavati tuliyoyapanga ukingoni tangu asubuhi.

Kule kuzunguka vizuri ndiko kulikomdanganya.

Ekskaveta zina mipangilio miwili ya leva iliyoenea zaidi duniani. Mmoja huitwa ISO, kwa jina la shirika la viwango la kimataifa. Mwingine ni SAE, kwa jina la chama cha wahandisi cha Marekani, na mafundi wengi huuita mpangilio wa bakhoo, lile trekta lenye mkono wa kuchimbia nyuma. Katika yote miwili, leva ya kushoto ukiilaza kushoto au kulia, mashine inazunguka upande huohuo. Katika yote miwili, leva ya kulia ukiilaza kushoto baketi inakunja, ukiilaza kulia inafunguka na kumwaga. Tofauti iko mbele na nyuma tu. Kwa ISO, mkono wa kushoto unaendesha amu na wa kulia unaendesha bumu. Kwa SAE vimebadilishana: bumu iko kushoto, amu iko kulia. Mashine ngeni kabisa ungeishika kwa woga. Hii inakupokea kama mwenyeji wako, inakuitikia mizunguko miwili mitatu, halafu inakugeuka.

Ndiyo maana nikimpima opereta sianzi na cheti wala na miaka ya kazi. Namwangalia anavyoingia. Kuna mmoja alikuja mwaka jana, kijana mwembamba wa maneno machache. Akapanda nusu ngazi, akasimama.

“Shikamoo mzee. Leva za hii zimepangwaje?”

“Marahaba. Mchoro uko kwenye kioo, soma mwenyewe.”

Akausoma, kisha hakuuamini. Alishusha leva ya usalama, injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini, akagusa kila upande kwa upana wa ukucha, baketi ikiwa sentimita chache tu juu ya ardhi. Kulia, kushoto, mbele, nyuma. Hakuna mtu aliyekuwa karibu, maana alishawaambia vibarua wasogee. Yote hayo hayakufika dakika moja. Kabla hajachimba hata koleo moja nilikuwa nimeshamwajiri kimoyomoyo.

Sasa, upi ni bora? Swali hili limemaliza chai nyingi chini ya miembe ya saiti, na wanaolijibu kwa hasira ni wale waliojua mmoja tu. Mimi nimeifanyia kazi yote miwili, nitasema ninavyoona. Tazama tendo la kuchimba: amu inavutwa ndani huku baketi ikikunja, na bumu inapanda kidogo kidogo ili meno yasizame kupita kiasi. Kwa SAE, amu na baketi ziko mkono mmoja. Mkono wa kulia unachimba peke yake, ukivutwa kwa mshazari, na wa kushoto unashika kina. Baketi ikijaa, huohuo wa kushoto unainua bumu na kuzungusha kwa wakati mmoja, mshazari tena, wakati wa kulia umepumzika au unaiweka sawa baketi isimwage. Mkono mmoja ni wa kuchimba, mwingine ni wa kubeba. Mzee aliyelelewa kwenye bakhoo akikuambia hakuna utamu kama huo, muelewe.

Kwa ISO kazi inagawanywa. Kuchimba, mkono wa kushoto unavuta amu, wa kulia unakunja baketi na kuinua bumu. Kupeleka mzigo kwenye tipa, wa kulia unainua, wa kushoto unazungusha. Hakuna tendo kubwa lililoachiwa mkono mmoja. Kwa ekskaveta ya kuzunguka duara zima, inayojaza tipa mchana kutwa, mimi nachagua ISO, kwa sababu kuinua na kuzungusha vikiwa mikono tofauti unaweza kupunguza kimoja bila kukiharibu kingine. Kwenye SAE, mkono wa kushoto ukitikisika kidogo, bumu na mzunguko vyote vinatikisika pamoja. Lakini hilo ni pendeleo langu, na nimewahi kuona mtu wa SAE akijaza tipa kwa ulaini ulionifanya nione haya.

Huku kwetu ekskaveta nyingi utakazokuta ni za ISO, ila usiape. Mashine zetu nyingi zimekuja zikiwa zimetumika, na kila moja imekuja na tabia za ilikotoka. Za Japani zina kisa chao. Kabla ya kuwa na kiwango kimoja, kila kiwanda kule kilipanga leva kivyake, ndiyo maana kwenye mashine za mtumba za Kijapani unaweza kukuta valvu ya kubadilishia yenye nafasi nne badala ya mbili. (Wajapani wenyewe huiita ekskaveta “yunbo”, kwa jina la Yumbo, mashine ambayo Mitsubishi ilianza kuitengeneza mwaka 1961 kwa leseni ya kampuni ya Ufaransa. Sisi nasi kila bakhoo ni JCB, hata iwe imeandikwa Case ubavuni kwa herufi kubwa.)

Kubadilisha ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, na urahisi wenyewe ndio tatizo. Leva nyingi za siku hizi haziyagusi mafuta makuu. Zinatuma mafuta ya pailoti, yenye presha ya baa 40 hivi, na hayo ndiyo yanayofungua valvu kuu ambako presha kwenye mashine ya tani 20 inafika baa 340 na zaidi. Kwa hiyo anayetaka kubadilisha mpangilio anahitaji kuhamisha njia za mafuta madogo tu: mashine nyingi ndogo zina valvu chini ya zulia la sakafuni au nyuma ya kiti, unageuza kishikio na mambo yameisha. Nyingine lazima ubadilishane hozi kwa spana. Mashine mpya za kielektroniki zaidi, kama Cat 320 ya kizazi cha sasa, unachagua kwenye skrini, na kila opereta anaweza kuhifadhi mpangilio wake. Mtu akigeuza saa kumi jioni ili amalizie kazi yake kwa raha, asirudishe, wa asubuhi anarithi mtego. Makalavati yetu yalipasuka hivyo.

Pailoti hiyohiyo ndiyo inanipa kipimo cha pili. Leva inayohitaji nguvu kidogo namna hiyo haikamatwi kama mpini wa jembe. Chungulia mikono yake kupitia kioo: anayejua anashika leva kwa vidole, viganja vimelegea na viwiko vimelala kwenye mikono ya kiti. Anayebabaika vifundo vya vidole vimempauka. Huyo hata mashine yake inatingishika, maana kila mtetemo wa mwili wake unarudi kwenye leva, na leva inaurudisha kwenye bumu.

Baada ya vidole, masikio. Geuka uipe mashine mgongo, usikilize. Opereta mchanga anafanya jambo moja, anasimama, anafanya jingine: bumu, kimya, amu, kimya, baketi. Injini inaguna na kupumzika, inaguna na kupumzika. Aliyeiva anachanganya mambo matatu, manne, na injini inashika sauti moja kama cherehani ya fundi aliyezoea kanzu. Ukisikia kishindo mwishoni mwa kila mwendo, ujue anazifikisha silinda hadi mwisho wa safari yake, na hizo ni pini, sili na bushi zako zinazolia.

Lakini kama una muda wa jaribio moja tu, usimwambie achimbe. Kuchimba shimo kila mtu anachimba. Mwambie asawazishe. Mpe kipande cha mita nne cha udongo uliolegea, baketi inyooshwe mbali, aivute hadi karibu na mashine huku sakafu ya baketi ikipita bapa, isizame wala isiruke. Hapo ndipo mpangilio wa leva unapomwanika mtu. Amu ikivutwa kutoka mbali, ncha yake inashuka kwa upinde, kwa hiyo bumu lazima ipande kuifidia. Ikifika wima, mambo yanageuka: sasa amu inayoendelea kuvutwa inainua ncha, na bumu lazima ianze kushuka. Muda wote huo baketi inafunguliwa kidogo kidogo ibaki bapa. Asiyejua anakuachia ardhi yenye tumbo katikati au shimo, kulingana na alichokosea. Aliyezoea mpangilio mwingine utamwona palepale kwenye mgeuko, amu ikiwa wima: mkono unasita, baketi inachota kijishimo cha upana wa kiganja. Kijishimo hicho kinaniambia mengi kuliko barua ya mwajiri wake wa zamani. Simfukuzi kwa hilo. Namuuliza amezoea upi, nageuza valvu, narudia jaribio. Wengine wakirudia wanapiga ardhi mpaka unatamani kuandika juu yake.

Mengine nayapitia haraka. Anazungusha nyuzi ngapi kufikia tipa? Anayepanga saiti yake vizuri anaiweka tipa karibu, robo ya duara au pungufu, wala hapitishi baketi juu ya kichwa cha gari na dereva akiwa ndani. Je, anafagia udongo kwa ubavu wa baketi kwa kuzungusha? Huyo anakula giya ya mzunguko, mnyime kazi. Na mota za mwendo, zile zenye meno nyuma ya minyororo, zikiwa upande wa mbele yake, anakumbuka kwamba leva za kutembea zimegeuka pia? Nimemwona mtu wa miaka mingi akienda mbele kuelekea shimoni akidhani anarudi nyuma. Mtu makini huziweka mota hizo nyuma yake anapochimba, na akishazunguka nusu duara hutazama minyororo kabla ya kukanyaga.

Bakhoo ina hesabu yake. Mkono wake haumalizi duara, unafagia nusu tu, na yule bwana anageuza kiti na kukaa mgongo kwa usukani. Nyingi za zamani zina leva za chuma zinazosukuma valvu moja kwa moja, na baadhi ya zile za Kiingereza zimepangwa mshazari, kila tendo liko kwenye kona, si mbele wala nyuma moja kwa moja. Mtu wa ISO akipanda humo anarudi darasa la kwanza, asione haya. Kwenye bakhoo namwangalia zaidi miguu ya kuegemea: ameiweka mashine sawa kabla hajaanza, au anachimba mtaro uliopinda kwa sababu yeye mwenyewe ameinama? Katika jambo hili mzee wa bakhoo anamshinda kijana wa ekskaveta mara nyingi, kwa sababu miaka yote mashine yake imemlazimisha kujiweka sawa kwanza.

Ukiwa na mashine moja na maopereta wawili, chagueni mpangilio mmoja, fungeni valvu kwa kufuli, na ufunguo akae nao foremani. Na kama mchoro wa kwenye kioo umebanduka au umefutwa na jua, chora mwingine leo kwa kalamu ya maka, leva mbili na mishale minane. Wa zamu ya kesho anaweza kuwa mgeni.