Nani Hutuhumiwa Kwanza?

Wako watu wazidharauo hadithi za upelelezi, wakidai ni za kupitishia wakati tu. Nami nilikuwa mmoja wao, hata niliposoma hapa Lodwar riwaya ya Henning Mankell, Mswidi aliyegawa maisha yake baina ya kwao na Maputo, akafariki mwaka 2015.

Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1991, na maana ya jina lake ni wauaji wasio na nyuso. Mkulima mzee na mkewe washambuliwa usiku nyumbani kwao. Kabla ya kukata roho, mke atamka neno moja lenye maana ya mgeni. Neno hilo lavuja. Mara wakimbizi wachomewa makao yao, na Msomali asiyehusika auawa kwa risasi. Ndipo mpelelezi Wallander awapo na kazi mbili: kumtafuta mwuaji, na kuwalinda wasio na hatia.

Sisi nasi tunaye Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichotolewa mwaka 1960, maiti yaonekana penye mzimu, na wengi waamini kuwa mzimu ndio ulioua. Bwana Msa hakubali. Hukusanya ushahidi hata aonekane mwuaji aliye binadamu.

Huku mzimu, kule mgeni: kila jamii ina wake wa kubebeshwa lawama. Kwa ucheshi, Abdulla amemshinda Mankell. Lakini kwa Abdulla fumbo likifumbuliwa hadithi imekwisha; kwa Mankell mwuaji hukamatwa, na chuki ingali mjini. Hapo ndipo ilipo nguvu yake.

Jambo hili si la Uswidi peke yake. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992. Mbuzi akipotea, mwenyeji humtaja mkimbizi. Mkimbizi akiibiwa, humtaja Mturkana. Nakiri kwamba baiskeli yangu ilipotoweka, niliitaja kambi kabla sijauliza swali hata moja. Kumbe mdogo wangu alikuwa ameiendesha kwenda sokoni.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi, mwanafunzi, usomapo hadithi ya namna hii, usikimbilie ukurasa wa mwisho. Andika kwanza jina la yule uliyemtuhumu, na chini yake uandike sababu. Ukikosa sababu, umekwisha kumpata mtu wa kuchunguzwa: ni wewe mwenyewe.