Sarakasi ya Reli: Nani Anamtazama Nani?

Kuna picha moja ya mwaka 1909 ambayo haikosi kila tunapozungumzia reli yetu ya zamani. Theodore Roosevelt, ametoka tu kwenye urais wa Marekani, ameketi kwenye benchi lililofungwa mbele kabisa ya injini ya moshi. Yuko na wenzake, akiwemo mwindaji Frederick Selous. Hebu iangalie tena taratibu. Hawa jamaa hawasafiri tu. Wamekaa kama wachezaji wa sarakasi wanaozungushwa mjini mchana ili watu waje kuwaona jioni.

Na onyesho lenyewe lilikuwa la wanyama. Msafara ule ulikusanya zaidi ya vielelezo 11,000 kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Sarakasi ya kawaida humleta simba akiwa hai. Hii ilimpeleka akiwa ngozi iliyotiwa chumvi.

Kama picha, ina nguvu, sikatai. Mpigaji alijua asimame wapi ili chuma kizito kionekane kiti cha mfalme. Lakini sarakasi haiwi sarakasi bila watazamaji, na hapa wamekatwa wote. Waliosimama kando ya reli wako wapi? Njia hiyo hiyo, ikiendelea kuelekea Kisumu, inapanda Mau na kuteremka kandokando ya nchi ya Wanandi. Huko watu waliipinga kwa miaka kumi, mpaka kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa kwa risasi Oktoba 1905. Miaka minne baadaye, mgeni anapanda mbele ya injini kutazama mandhari. Picha haina habari.

Ugonjwa huu hatujapona. Treni ya abiria iliporejea Kisumu Desemba 2021, simu zetu zilijaa picha. Nyingi zinafuata mtindo mmoja: kona, bonde la kijani, daraja la chuma, na treni ndogo inajipinda kwa mbali. Nzuri kwa kalenda. Ila safari yenyewe ilikuwa ya usiku! Treni ilitoka Nairobi Ijumaa jioni na kufika kwetu Jumamosi asubuhi. Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, abiria aliipita gizani, pengine amelala mdomo wazi. Kulipopambazuka, dirishani kulikuwa na miwa. Sasa ile picha ya mlima ni kumbukumbu ya nani?

Mimi picha zinazonikaa ni zile za chini, upande wa Muhoroni, Miwani, Kibos. Mama ametua dumu lake la maji anatazama mabehewa. Mtu wa boda amezima pikipiki kwenye kivuko. Mtoto anapunga mkono, na dirishani kuna mkono mwingine unajibu. Mara nyingi zimetikisika, mwanga mbovu, pembeni kuna kidole. Lakini zina pande mbili: anayepita na anayepitwa, na kila mmoja anamwona mwenzake.

Labda naliona hili kwa sababu natoka Dunga. Hapa wageni hukodi boti kwenda kuona viboko na ndege wa kwenye mafunjo, na mvuvi anayevuta nyavu zake hujikuta kwenye picha kabla hajajua. Mzee mmoja hapa ufukweni hana hasira na kamera. Huwaambia tu, "Mwanangu, piga. Lakini si ungeanza na salamu?"

Basi kijana wangu, ukipanda Koru au Fort Ternan kungoja treni, usikimbilie kilima mara moja. Simama kwanza na wale wanaoingoja. Wasalimie, halafu inua kamera.