Bagamoyo, Ukiitazama Kutoka Gongoni

Mwaka 2006 Tanzania iliingiza kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Jina lake: Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu. Kwihara, kilomita chache kutoka hapa Gongoni, imo. Mpagazi hayumo kwenye jina.

Nina ugomvi na jina hilo. Utumwa ulikuwepo, tena hata huku kwetu; waliomiliki watu Unyanyembe hawakuwa Waarabu peke yao, watemi pia walikuwa nao. Lakini katika karne ya 19 mizigo mingi ya njia hii ilibebwa na watu huru, wengi wao Wanyamwezi, waliopatana ujira, wakalipwa vitambaa, shanga na waya, na wakagoma posho ilipokosekana. Mtu mmoja alibeba kama frasila mbili, kilo 32 hivi, miezi miwili hadi mitatu njiani. Hawa ni wafanyakazi. Kuwaacha nje ya jina ni kutufundisha kwamba babu zetu walifika pwani kwa minyororo tu.

Na ukiwaondoa, hata jiografia ya Bagamoyo haieleweki. Kama bandari, ni dhaifu: maji ni machache, yakipwa jahazi linakaa mchangani, na meli kubwa ilibidi zitie nanga mbali. Ukiitazama kutoka baharini utajiuliza mji uliotawije hapo. Itazame kutoka Tabora: ndipo njia ya bara inapoishia, na Unguja iko ng'ambo tu. Kilichoujenga mji ni miguu. Wajerumani waliutazama kutoka melini, wakahamishia makao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, kwenye kina. Reli iliyoanzia huko ilifika Tabora mwaka 1912, ikamnyang'anya mpagazi kazi na Bagamoyo wageni wake.

Simulizi za watalii hupenda kusema "bwaga moyo" ni kilio cha mtumwa aliyekata tamaa mbele ya bahari. Tafsiri nyingine, ambayo nayo ni ya zamani, ni ya mpagazi aliyefika: tua mzigo, moyo upumzike. Mimi huelemea hii ya pili, maana kwa Kiswahili cha kila siku kinachobwagwa ni mzigo.