Kumlaki Bwana au Kuikimbia Dunia? Uhakiki wa Kitabu cha Hal Lindsey Kuhusu Siku za Mwisho

Utangulizi

Vipo vitabu ambavyo washarika wetu hawajavisoma kamwe, lakini mafundisho yake wanayajua kwa moyo. Kitabu cha Hal Lindsey kiitwacho The Late Great Planet Earth ni kimojawapo. Kilitolewa Marekani mwaka 1970, kikauzwa nakala kwa mamilioni, na kikatafsiriwa katika lugha nyingi. Mwandishi wake, aliyefariki mwaka 2024, ameaga. Ratiba yake ingali inahubiriwa. Tumeisikia katika mikutano ya nje, katika redio na katika kanda, na siku hizi tunaisikia katika simu za mkononi. Kwanza waamini watanyakuliwa ghafula. Kisha itafuata miaka 7 ya dhiki chini ya Mpinga Kristo, na baada yake vita vya Har-Magedoni. Ndipo Kristo atakapotawala huko Yerusalemu kwa miaka 1000, na mwisho itakuja hukumu.

Katika makala hii tunakusudia kulipima fundisho hilo kwa Maandiko Matakatifu na kwa Ungamo la Kanisa letu. Hatuandiki ili kuwadharau wanaoliamini, kwa maana wengi wao wanaomba kuliko sisi. Tunaandika kwa sababu ya swali tuliloulizwa. Katika usharika mmoja tuliowahi kuuhudumia, mjane mmoja alitujia wiki mbili baada ya kumzika mumewe. Alikuwa amehudhuria mkutano wa injili uwanjani, akasikia kwamba unyakuo u karibu sana. Akatuuliza: "Baba Mchungaji, sisi tutakaokuwa hai tutaondoka. Na huyu baba watoto wangu aliyelala kaburini, nani atamkumbuka?" Tulimjibu kwa maneno machache, tukaomba naye, akaenda zake. Jibu letu halikumtosha, nasi tulijua kwamba halikumtosha.

Kitabu kinafundisha nini

Yatupasa kwanza kumtendea mwandishi haki. Lindsey anaamini kwamba Biblia ni Neno la Mungu, kwamba Bwana atarudi kweli, na kwamba historia ya ulimwengu haiendi bila mwenyewe. Hayo tunayakiri pamoja naye. Tena aliandika kwa lugha nyepesi, jambo ambalo wanatheolojia wengi tumelishindwa.

Mfumo wake, hata hivyo, hakuubuni yeye. Ulitungwa na John Nelson Darby (1800–1882), aliyekuwa kasisi wa Kanisa la Ireland kabla ya kujitenga nalo. Ukaenea kwa njia ya Biblia yenye maelezo ya C. I. Scofield, iliyotolewa mwaka 1909 na kurekebishwa mwaka 1917. Katika Biblia hiyo maelezo ya mtu yamechapwa katika ukurasa mmoja na Neno lenyewe, hata msomaji wa kawaida akashindwa kutofautisha sauti ya mtume na sauti ya mfafanuzi. Lindsey alisomea Dallas Theological Seminary, mahali ambapo mfumo huo ulifundishwa kwa bidii. Aliloongeza yeye ni gazeti. Alichukua habari za dunia za wakati wake, akaziweka kando ya Danieli, Ezekieli na Ufunuo, akatangaza kwamba zinalingana.

Mambo matatu ndiyo nguzo za kitabu chake. La kwanza ni kuundwa kwa taifa la Israeli mwaka 1948. Lindsey aliona kwamba huo ndio mtini uliochipuka katika Mathayo 24:32–34, na kwamba kizazi kilichoona jambo hilo, yaani miaka 40 hivi, kitauona mwisho. La pili ni Urusi, ambayo aliitambua katika Gogu wa Ezekieli 38. La tatu ni Soko la Pamoja la Ulaya, ambalo alidhani litafikia mataifa 10 na kuwa zile pembe 10 za mnyama.

Gazeti likibadilika

Tuyatazame sasa mambo hayo. Miaka 40 tangu 1948 ilitimia mwaka 1988. Soko la Ulaya lilifikia mataifa 10 mwaka 1981 Ugiriki ilipojiunga, na wengi wakashangilia. Mwaka 1986 Hispania na Ureno zikaingia, pembe zikawa 12. Leo Umoja wa Ulaya una nchi 27, baada ya Uingereza kujitoa mwaka 2020. Dola ya Kisovyeti, iliyokuwa tishio kuu katika kitabu, ilivunjika mwaka 1991. Kuhusu Urusi katika Ezekieli, neno la Kiebrania rosh lina maana ya "kichwa" au "mkuu", na kufanana kwa sauti yake na jina la nchi ya leo si ushahidi wa maana.

Msomaji aweza kusema kwamba hayo ni makosa ya tarehe tu. Sivyo. Kosa liko katika njia yenyewe ya kusoma. Maandiko yakifasiriwa kwa gazeti, kila gazeti likibadilika hapana budi Maandiko nayo yabadilishwe maana. Ndiyo sababu mahali pa Urusi waliwekwa wengine baadaye, na mahali pa Soko la Ulaya yakawekwa mambo mengine, bila mtu kusimama mbele ya kanisa na kutubu.

Lakini sisi Walutheri tusijivune. Mchungaji Michael Stifel wa Lochau, rafiki wa Luther, alipiga hesabu kwa herufi za Biblia, akatangaza kwamba Bwana angerudi tarehe 19 Oktoba 1533, saa 2 asubuhi. Luther hakukubaliana naye. Saa ikapita, Stifel akakamatwa na kuondolewa usharikani. Baadaye, kwa msaada wa Luther, alipewa usharika mwingine. Luther mwenyewe alitoa hesabu ya miaka ya ulimwengu mwaka 1541, naye aliamini kwamba mwisho u karibu. Ugonjwa huu basi umo hata katika nyumba yetu. Tofauti ni kwamba Ungamo letu halikuruhusu hesabu hizo ziwe imani.

Miaka elfu

Miaka 1000 ya utawala wa Kristo inatajwa katika sura moja tu ya Biblia, yaani Ufunuo 20, ambamo hesabu hiyo inarudiwa mara 6, kuanzia aya ya 2 hadi ya 7. Ni kitabu ambacho ndani yake Mwanakondoo ana pembe 7 na macho 7 (5:6), na hakuna anayetarajia kumwona Bwana wetu katika umbo hilo. Kanuni njema ya ufafanuzi ni kwamba mahali palipo wazi paangaze mahali palipo pagumu. Lindsey amegeuza kanuni hiyo juu chini: amechukua aya sita zenye mafumbo, akazifanya mlango ambao Injili zote na nyaraka zote sharti zipitie.

Ni kweli kwamba tumaini la miaka 1000 ni la kale. Justino Mfiadini na Ireneo walikuwa nalo katika karne ya pili. Augustino naye aliwahi kulishika, kisha akaliacha. Katika kitabu cha 20 cha Mji wa Mungu anafundisha kwamba miaka hiyo ni wakati huu wa Kanisa, ambamo Kristo anatawala tangu sasa. Mtu akiamini kama Ireneo hatumwiti mpagani. Lakini unyakuo wa siri, utakaowaondoa waamini kabla ya dhiki, si fundisho la Ireneo. Ireneo alitarajia Kanisa lipite katika dhiki. Fundisho hilo la kuepushwa lilienea kutokana na Darby katika karne ya 19.

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 17, linafundisha kwamba Kristo atarudi siku ya mwisho kuhukumu, atawafufua wafu wote, na kuwapa waamini uzima wa milele. Kisha linakataa fundisho kwamba kabla ya ufufuo watakatifu watamiliki ufalme wa dunia hii na kuwakandamiza waovu. Kifungu hicho kinayaita maoni hayo ya Kiyahudi. Usemi huo hatupaswi kuutumia leo kwa kuwadharau Wayahudi. Kiini chake, hata hivyo, ni hai. Wakati ule jeraha lilikuwa bichi, kwa maana Hans Hut alikuwa ametangaza kwamba mwisho ungefika Pentekoste ya mwaka 1528. Waungamaji waliona kwamba anayesubiri Kristo atawale kesho kwa upanga hataweza kumtambua leo anapotawala kwa Neno na Sakramenti, chini ya msalaba. Mathayo 28:18 haisemi kwamba mamlaka yote atapewa baadaye.

Maana ya kulaki

Sasa tuifikie nguzo ya fundisho la unyakuo, yaani 1 Wathesalonike 4:13–18. Paulo aliwaandikia watu waliofiwa. Walikuwa wakihofu kwamba ndugu zao waliolala watakosa kumwona Bwana ajapo. Hilo ndilo swali la mjane wetu, neno kwa neno, miaka karibu 2000 kabla yake. Mtume hakuwapa ratiba. Aliwajibu kwamba waliokufa katika Kristo watafufuliwa kwanza, kisha wote pamoja, wafu na walio hai, watamlaki Bwana. Na akawaagiza wafarijiane kwa maneno hayo.

Neno la Kiyunani lililotumika katika aya ya 17 ni apantesis. Ni neno lililotumika mji ulipotoka kumpokea mfalme au mgeni mkuu aliyekuwa akija. Linapatikana tena katika Mathayo 25:6, ambapo wanawali wanaitwa watoke kumpokea bwana arusi. Nao hawakwenda naye mahali pengine, bali waliingia naye arusini, mahali alipokuwa akielekea. Linapatikana pia katika Matendo 28:15, ambapo ndugu wa Rumi walitoka hadi Soko la Apio kumpokea Paulo, kisha wakaingia naye Rumi. Watafsiri wa Biblia yetu ya Union walichagua neno "kulaki", na walichagua vema. Kwetu mgeni wa heshima akija, tunatoka njiani, tunapokea mzigo wake, tunaimba, na tunarudi naye nyumbani. Hakuna anayemlaki mgeni ili ahame kijiji.

Basi aya hii haifundishi kwamba Kanisa litaikimbia dunia. Inafundisha kwamba Bwana anakuja, na kwamba walio wake watatoka kumpokea. Kwa haki ya Lindsey, yeye naye anajua kwamba wafu watafufuliwa kwanza. Lakini mfumo wake umeweka uzito wote juu ya kuondoka, hata neno la faraja likageuka kuwa tishio la kuachwa. Mjane yule hakusikia vibaya. Alisikia kile kilichokazwa.

Hasara zake

Fundisho hili lina matunda. Dunia ikiwa ni gari bovu linalosubiri kuachwa, kwa nini tuchimbe kisima, tupande miti, au tulipe karo? Tena, katika ratiba hii nchi ya Israeli ni uwanja wa kutimizia unabii, na wakazi wake ni vipande vya mchezo. Ndugu zetu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri katika Yordani na Nchi Takatifu, wenye sharika Yerusalemu, Bethlehemu, Beit Jala na Ramallah, hawana mahali katika ratiba hiyo. Wayahudi nao wanapendwa ndani yake kwa ajili ya kazi watakayofanya, na wengi wao wamepangiwa kuangamia. Upendo wa namna hiyo si upendo wa Injili.

Hatusemi kwamba kitabu hiki kilisababisha maafa ya Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, wala yale ya Shakahola, Kenya, yaliyogunduliwa mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Kundi la Kanungu lilikuwa na asili nyingine kabisa. Lakini mahali pote pawili watu waliokuwa na kiu ya tumaini walifundishwa kuhusu mwisho na watu ambao hakuna aliyewapima. Sisi wachungaji tulikuwa wapi?

Kosa letu

Swali hilo linatuhukumu. Wengi wetu tunahubiri juu ya kurudi kwa Bwana katika Jumapili mbili au tatu za mwisho wa mwaka wa Kanisa, tena kwa aibu kidogo. Katika kipaimara tunaifikia sehemu hiyo muda ukiwa umekwisha. Makaburini tunasoma liturujia haraka kwa sababu ya mvua na hotuba. Kisha tunashangaa washarika wakienda uwanjani kutafuta chakula ambacho hatukuwapa. Pengine tunajitetea kwa usemi unaohusishwa na Luther juu ya kupanda mti wa tufaha hata kama dunia ingekwisha kesho. Usemi huo haujapatikana katika maandiko yake; ushahidi wa kale zaidi unaojulikana ni wa mwaka 1944. Haitufai kuwasahihisha wengine kwa nukuu ambazo nasi hatukuzipima.

Hitimisho

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Mosi, 1 Wathesalonike 4 ifundishwe nzima, pamoja na aya ya 13 na ya 18, ili kila mshirika ajue kwamba iliandikwa kwa ajili ya waliofiwa. Pili, kitabu cha Ufunuo kirudishwe katika vipindi vya Biblia vya sharika na mitaa, kisomwe kama waraka kwa makanisa saba yaliyoteswa, wala kisiachwe mikononi mwa wapiga hesabu. Tatu, ombi la pili la Sala ya Bwana lifundishwe kama Katekisimo Ndogo inavyolieleza: ufalme wa Mungu huja wenyewe, hata tusipoomba, nasi twaomba uje kwetu pia.

Mjane yule bado yu hai, na kaburi la mumewe liko nyuma ya nyumba, chini ya mgomba. Tukijaliwa kumtembelea tena, tutamwambia kwamba baba watoto wake hakuachwa nyuma. Bwana ajapo, yeye atasimama kwanza, kisha watatoka pamoja kumlaki.