Hesabu ya Makontena na Fikra za Umma

Kada ana wajibu wa kuyasikiliza maoni ya umma. Kuyasikiliza si kuyarudia kama kasuku.

Machi 2017, Serikali ilipopiga marufuku makinikia kusafirishwa nje na makontena 277 yakazuiliwa bandarini Dar es Salaam, umma wa Shinyanga na Geita uliunga mkono. Uliunga mkono kwa sababu una kumbukumbu. Wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu mwaka 1996, na kwa sheria ya 1998 mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3 tu. Msimamo huo ulitokana na maisha ya watu wenyewe; haukungoja mkufunzi.

Kosa lilikuwa letu sisi wakufunzi. Badala ya kuuchambua mfumo wa unyonyaji tulishika tarakimu. Madai ya kodi ya dola bilioni 190 ya Julai 2017 tuliyagawa kwa idadi ya watu, na mzaha wa mitaani kwamba kila Mtanzania atapata Noah tukauacha ugeuke somo. Mimi mwenyewe niliiandika hesabu hiyo ubaoni, na hapa najikosoa. Makubaliano yaliyotiwa saini Januari 2020 yalitaja dola milioni 300, yaani kama senti 16 kwa kila dola 100 zilizodaiwa. Wanafunzi wangu wakaulizwa vijijini zilikokwenda zile nyingine.

Wangekuwa na jibu kama tungewafundisha mambo yenyewe. Geita, kwa mfano, haikuwa na kontena hata moja kati ya yale: mchanga ule ulikuwa wa Bulyanhulu na Buzwagi, wilayani Kahama, ambako dhahabu imechanganyika na shaba na fedha. Geita hutoa dhahabu ya tofali. Hata hivyo kampuni ya Geita nayo ilikimbilia usuluhishi wa kimataifa mwezi ule ule wa Julai, kwa kuwa kilichotikisa mabepari ni sheria mpya zilizotamka mamlaka ya nchi juu ya rasilimali zake. Mrabaha nao ulifika asilimia 6. Hayo ndiyo mapambano. Makontena ni mizigo.

Wapo pia wanaozisifu hisa asilimia 16 za Serikali katika Twiga kana kwamba ni umilikaji wa njia kuu za uchumi uliokusudiwa na Azimio la Arusha. Huo ni upotoshaji. Mwadui, Serikali imekuwa na hisa tangu 1958, enzi za mkoloni. Hisa bila watu wetu wanaoweza kusoma mahesabu ya kampuni ni kiti tu mezani.

Bulyanhulu ilipopunguza shughuli mwishoni mwa 2017, wafanyakazi walipoteza kazi. Katika vikao nilivyohudhuria, aliyepunguzwa akinyoosha mkono alitazamwa kama msemaji wa mabeberu. Tukamnyamazisha. Naye ndiye peke yake ukumbini aliyewahi kuyajaza yale magunia ya mchanga.