Msimamizi au Kapita?

Mara nyingi tunapima vitabu na sinema, tukisema hiki chafaa na kile chapoteza muda. Safari hii nataka kupima kitu kingine: zile programu zinazowekwa katika telefoni na kompyuta ili kumsaidia mtu asitazame picha na sinema za uchafu katika intaneti. Asili yake ni Marekani. Wako mapadri na wazazi wanaozisifu sana, na wako wanaozicheka. Mimi naona kwamba wazo lenyewe ni jema, kwamba waundaji wake wameliharibu kwa sehemu, na kwamba sehemu hiyo yaweza kutengenezwa.

Tuanze na wazo. Katika mwaka 2000, mtu aitwaye Ron DeHaan alianzisha kampuni ya Covenant Eyes katika jimbo la Michigan. Jina hilo limetoka katika kitabu cha Yobu, sura ya 31, pale yule mwenye haki anapotaja agano alilofanya na macho yake. Zilikuwako tayari programu za kufunga mlango, yaani za kuzuia anwani mbaya zisifunguke, na kila kijana mwerevu alijua dirisha la kupitia. DeHaan alifikiri vingine. Mlango uachwe wazi, lakini mtu ajue kwamba rafiki yake ataona alikopita. Taarifa hupelekwa kwa rafiki huyo, kisha wawili hao huzungumza. Mwaka 2002 wachungaji wawili wa California, Craig Gross na Mike Foster, walianzisha kazi iitwayo XXXchurch, ambayo nayo ilitoa programu ya namna hiyo, X3watch. Baadaye zikaja Accountable2You, Ever Accountable na nyingine.

Je, wazo hilo ni geni kwetu? Hata kidogo. Dhambi ya macho hupenda upweke. Mtu yu chumbani peke yake, usiku, taa imezimwa, telefoni mkononi. Hapo ndipo nguvu zake zinapokwisha. Mlete mwenzake mmoja tu katika chumba hicho, hata kwa njia ya waya, na kishawishi kinapoteza nusu ya nguvu zake. Wala tusidhani kwamba ni shida ya vijana wa mjini peke yao. Tarehe 24 Oktoba 2022, Papa Fransisko alipozungumza na mapadri na waseminari mjini Roma, alisema wazi kwamba uovu huu umewaingia walei, mapadri na masista pia, akawashauri wauondoe katika telefoni zao.

Sasa tuangalie kazi yenyewe. Hapo mwanzo programu ilisoma anwani za kurasa alizotembelea mtu, ikazipa alama, ikaziandika katika orodha. Baadaye mawasiliano ya intaneti yakaanza kufungwa kwa maandishi ya siri, ili wezi wasisome mambo ya watu. Na programu nayo ikawa kama mtu mwenye jicho moja. Mwaka 2019 Covenant Eyes ikabadili njia. Ikaanza kupiga picha za kioo cha telefoni, mashine ikizipima, na picha hizo zikitiwa ukungu kabla ya kuingia katika taarifa. Hatua hiyo ilikuwa kubwa kuliko walivyodhani. Orodha ya anwani yasema umepita njia gani. Picha ya kioo yaonyesha umebeba nini mfukoni. Barua ya mama yako, hesabu ya benki, neno ulilomwandikia mganga wako juu ya ugonjwa wako, vyote vimo katika kioo. Naye aliyekuandikia barua hakuombwa ruhusa.

Septemba 2022 gazeti la Marekani liitwalo WIRED lilieleza habari za kanisa moja la Kiprotestanti huko California, ambako viongozi waliwataka waumini waweke programu za namna hii, na taarifa ziende kwa viongozi haohao. Kijana mmoja alikuwa amewafungulia moyo wake, akasema kwamba anavutwa na wanaume. Wakamtaka aweke Covenant Eyes. Haukupita muda mrefu akaanza kupokea barua za kiongozi wake, akiulizwa juu ya mambo aliyoyatazama. Mwishowe akajitenga nao. Kutokana na habari hizo, kampuni ya Google iliziondoa Covenant Eyes na Accountable2You katika duka lake, kwa sababu zilitumia mlango uliowekwa kwa ajili ya walemavu, ule uwezo wa programu kusoma yote yaliyo katika kioo ili imsomee kipofu.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu, na nitakaa hapa kidogo.

Neno letu msimamizi lina watu wawili ndani yake. Kuna msimamizi wa ubatizo, aliyekuwekea mkono begani siku ile kanisani. Huyo hakulipi mshahara wala hawezi kukufukuza kazi; ukianguka anakuja kwako jioni, anaketi, mnaongea. Na kuna msimamizi wa kazi, yule ambaye wazee wetu walimwita kapita: huandika majina ya waliochelewa na kuyapeleka kwa bwana. Programu hizi ziliundwa kwa ajili ya yule wa kwanza. Lakini chombo chenyewe hakina macho ya kumtambua mtu. Andika jina la kapita mahali pa jina la msimamizi, nacho kitamtumikia kwa utii uleule.

Kanisa limejua hatari hii zamani sana, kabla ya telefoni. Seminarini tulifundishwa kwamba mambo ya dhamiri yana nyumba yake, na mambo ya utawala yana nyumba yake, na kati ya nyumba hizo mbili kuna ukuta. Tazama Sheria za Kanisa za mwaka 1983. Kanuni ya 985 yasema mkubwa wa seminari asiungamishe wanafunzi wanaokaa katika nyumba yake, ila wao wenyewe waombe kwa hiari katika nafasi fulani. Kanuni ya 240 yasema kwamba, wakati wa kuamua kama mseminari apewe daraja au aondolewe, maoni ya muungamishi na ya mlezi wake wa kiroho hayawezi kuulizwa kamwe. Kanuni ya 630 yawakataza wakubwa wa mashirika ya watawa wasimshurutishe mtu kwa namna yoyote awafunulie dhamiri yake. Kwa nini ukuta huo? Kwa sababu mtu anayejua kwamba maneno yake yatamgeukia siku ya kuhukumiwa atanyamaza, au atadanganya. Na akidanganya hawezi kuponywa.

Basi, ipime programu kwa kipimo hicho. Mkubwa wa nyumba akiwataka vijana wake wote waweke programu, na taarifa zije mezani pake, ameubomoa ukuta kwa mikono yake, hata kama nia yake ni safi kama maziwa. Vijana hawatakuwa safi zaidi. Watanunua telefoni ya pili. Hilo kila mtu aliyepata kulala katika bweni analijua, wala halihitaji uchunguzi wa wataalamu.

Mambo yaweza kufika mbali zaidi. Mwaka 2023 WIRED ilieleza habari za mtu mmoja katika Monroe County, jimbo la Indiana, aliyekuwa akingoja kesi yake akiwa nje ya gereza. Wakuu waliagiza Covenant Eyes iwekwe katika vyombo vyake na vya watu wa nyumba yake, mke na watoto pia. Taarifa zilikwenda kwa watumishi wa mahakama. Siku moja taarifa ikasema kwamba telefoni mojawapo imegusa anwani ya uchafu, na yule mtu akarudishwa gerezani. Nyumba yake ilikana kwamba kuna aliyeifungua. Sisi hatukuwapo, hatuwezi kuwaamua. Lakini yajulikana kwamba telefoni huweza kufufua kurasa za zamani yenyewe, bila kidole cha mtu. Kati ya marafiki wawili, kosa kama hilo huisha kwa swali moja na kicheko. Mbele ya hakimu, linakuwa ushahidi. Nayo kampuni ilikuwa imeandika katika masharti yake kwamba programu isitumiwe kwa mambo ya mahakama. Lakini sharti lililoandikwa katika karatasi halikumzuia mtu.

Tena kuna mfano wa Mike Johnson, aliyechaguliwa kuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani katika Oktoba 2023. Mwaka uliotangulia alikuwa ameeleza katika kanisa moja la Louisiana kwamba yeye na mwanawe wa miaka 17 wanapeana taarifa za Covenant Eyes, baba akisoma za mwana, na mwana za baba. Magazeti yalimcheka. Mimi sicheki. Baba anayekubali kutazamwa amefanya jambo ambalo kapita hafanyi kamwe. Walakini mtoto kupokea taarifa ya macho ya babake, hilo kwetu ni gumu kumeza, na sidhani kwamba ugumu huo ni ushamba. Baba angetafuta mtu wa rika lake.

Kosa la pili la programu hizi ni la saa. Zinafika baada ya mtu kuanguka. Linganisha na wale walevi wawili waliokutana Akron, jimbo la Ohio, mwaka 1935, ambao kutokana nao chama cha Alcoholics Anonymous kilizaliwa. Bill Wilson alikuwa mgeni katika hoteli ya mji huo, biashara yake imeharibika, na sauti za baa anazisikia. Hakungoja kunywa ndipo atoe taarifa. Alikwenda kwenye telefoni, akapiga huku na huku, mpaka akaelekezwa kwa mlevi mwenzake, mganga Robert Smith. Alimtafuta mtu kabla ya kikombe. Mtu huyo hakuwa mkubwa wake wala mtakatifu. Alikuwa mgonjwa wa ugonjwa uleule. Covenant Eyes imejaribu kusogea upande huo kwa programu yake iitwayo Victory, yenye mafundisho mafupi na nafasi ya kuandikiana na mwenzako. Ni hatua njema. Lakini moyo wa kazi bado ni ile picha ya kioo.

Neno moja juu ya ugonjwa, kwa kuwa watangazaji wa programu hizi hupenda kulitumia. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya la Ulimwengu, iliyoanza kutumika Januari 2022, inakubali kwamba kuna watu wasioweza kuzitawala tamaa za mwili, hata maisha yao yakaharibika. Lakini orodha hiyohiyo yaonya kwamba uchungu utokao katika kuhukumu tu tendo kuwa baya, peke yake, hautoshi kumwita mtu mgonjwa. Mkristu aliyeanguka mara mbili kwa mwaka ana dhambi ya kuungama. Asiuziwe dawa ya mgonjwa mahututi.

Ningependa nini, basi, kama waundaji wangenisikiliza? Kwanza kabisa, programu imuulize mwenye telefoni: huyu uliyemweka ni nani kwako? Je, anaweza kukunyima kazi, daraja, ada ya shule, au uhuru wako? Akijibu ndiyo, ikatae jina hilo. Sisemi juu ya watoto wadogo, kwa maana mzazi ana haki na wajibu juu yao. Nasema juu ya watu wazima. Na mwenye telefoni aweze kumwondoa msimamizi wakati wowote, bila maelezo.

Pili, taarifa ifike kwanza kwa mwenyewe, ikae kwake muda, tuseme usiku mmoja. Aisome. Aandike chini yake kwa maneno yake mwenyewe: hapa nilianguka, hapa telefoni imekosea, hapa nilishindana nikashinda. Ndipo iende. Tofauti yake ni kubwa. Taarifa inayokwenda bila mwenyewe ni mashtaka. Ile aliyoiandika ni maungamo, nami kama katekista najua ipi humrudisha mtu. Picha za kioo ningezifuta zote. Anayetaka kumdanganya rafiki yake atamdanganya hata kwa picha, na asiyetaka hazihitaji.

Kuhusu kifungo cha kumwita msimamizi upesi wakati wa kishawishi, sina maneno mengi: kiwe kikubwa, kiwe mbele, kifanye kazi hata pasipo intaneti.

Yabaki mambo ya fedha na ya nyumba zetu. Covenant Eyes hulipwa zaidi ya dola 15 kwa mwezi. Kwa nyumba nyingi za huku kwetu hizo ni fedha za unga na mafuta, na hakuna padri awezaye kusema ziende kwenye programu. Tena waundaji walifikiri kila telefoni ina mwenyewe mmoja. Kwetu telefoni moja hushikwa na baba asubuhi, na shemeji mchana, na watoto wawili jioni, na jirani akija kuomba kumpigia ndugu yake huko Kolwezi hanyimwi. Taarifa ya siku hiyo ingekuwa ya nani? Ningependa kuiona programu inayouliza kwanza nani ameshika telefoni, kabla ya kuandika jina la mtu.